UZI: Homoni na mifupa, kabla hatujagombana

Haya ndiyo niliyowaambia watu pale Garissa Jumamosi. Nimeyaweka hapa kwa sababu wengi mliomba. Sitaji mwanasiasa wala chama. Ukitaja kwenye majibu, nafuta.

Assalamu alaikum wazee wangu, kina mama na vijana. Kila mjadala wa jinsia ukiingia redioni, kuna mtu atasema homoni za kubadili jinsia zinayeyusha mifupa. Mwingine atajibu eti hazina madhara yoyote. Mimi ni muuguzi, si sheikh wala mgombea, kwa hivyo nitashika mifupa tu.

Mfupa si jiwe. Kila siku mwili unabomoa kidogo na kujenga kidogo, na msimamizi wa hiyo kazi ni homoni, hasa estrojeni. Hata mwanaume anaihitaji: sehemu ya testosteroni yake hugeuzwa kuwa estrojeni. Ndiyo maana nyanya zetu, hedhi ikishakoma, huvunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni.

Sasa hawa wanaobadili jinsia. Madaktari wa Amsterdam wamewafuatilia kwa miaka mingi. Mwaka wa kwanza wa homoni mifupa yao haikupungua, iliongezeka kidogo. Lakini mwaka 2020 walitoa hesabu ya kuvunjika: waliozaliwa wanaume na wanatumia estrojeni, wakifika miaka 50 na zaidi, huvunjika kuliko wanaume wa rika lao, karibu sawa na wanawake. Huko si kuyeyuka, na pia si "hakuna madhara". Wa kuangaliwa zaidi ni vijana wanaosimamishiwa balehe kwa dawa, maana miaka ile ndiyo mfupa hujengwa.

Hatari kubwa haipigiwi kelele na upande wowote. Ni mwili usio na homoni kabisa: tezi zimetolewa, na dawa hakuna.

Na hapo ndipo jambo linatufikia sisi. Niliwahi kumpokea kijana wa miaka 26, mkono umevunjika kwa kuanguka kutoka kwenye kiti. Kiti! Mama yake akaniambia kwa sauti ya chini: alizaliwa huntha. Alifanyiwa upasuaji utotoni, mahali sitapataja, tezi zikatolewa, wakarudishwa nyumbani. Hakuna aliyewaambia kwamba akifika umri wa kubalehe atahitaji homoni, na aendelee nazo. Zaidi ya miaka 10 mifupa ilikaa bila msimamizi. Nilipomweleza dawa, akaniuliza, "Sista, si ndiyo hiyo wanayosema redioni ni ya wale watu?" Wiki nyingi zilipita kabla hajakubali rufaa ya Nairobi.

Huntha si neno geni kwetu. Wanazuoni wa fiqhi wamewajadili kwa karne nyingi, mpaka kwenye mirathi. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza nchini, watu 1,524. Mimi naamini wengine walifichwa nyumbani siku ya kuhesabiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inawataja.

Kina mama mnauliza kuhusu jua. Jua la Garissa tunalo la kugawia watu, ila vitamini D hutengenezwa pale jua linapogusa ngozi. Ukijifunika vizuri na kushinda ndani, unaweza kuikosa. Maziwa ya ngamia yana kalsiamu nzuri, endeleeni nayo, lakini hayajazi nafasi ya homoni iliyokosekana.

Kwa hivyo mtu akisimama kusema homoni zipigwe marufuku, muulizeni: zipi, na kwa nani? Insulini nayo ni homoni.

(Hapa mzee mmoja wa safu ya mbele akainua fimbo: "Basi mimi ndiye wa kwanza kushikwa. Najidunga kila asubuhi.")