NANI ALIPE MTU AKINGOJEA KWENYE SIMU?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa kusema juu ya simu. Huenda wengine wenu wanasema moyoni, "Tulikuja kusikia habari ya mishahara, mbona tunaletewa habari ya simu?" Ngojeni kidogo. Habari ya simu ni habari ya mshahara, maana pesa ya simu haitoki mahali po pote ila mfukoni mwa mfanyakazi.

Mwezi uliopita alitujia mzee mmoja tuliyefanya kazi naye karakana, ambaye sasa amestaafu. Alikuwa akifuatia malipo yake katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Walimpa namba ya simu. Akanunua kadi ya shilingi 50, akapiga. Mashine ikamjibu, ikamwambia abonyeze moja, kisha abonyeze tatu, kisha ikampigia muziki. Katika kungojea, salio likaisha, simu ikakatika. Akanunua kadi nyingine ya shilingi 50, akaanza tena kwenye ile moja, nayo ikaisha vile vile. Siku ile hakusema na mtu hata mmoja. Akatuuliza, "Wanangu, mimi nimelipia nini? Nimelipia muziki?"

Hatukuwa na jibu. Tukaanza kuuliza na kusoma, tukaona kwamba swali la mzee liliulizwa kwa sauti kubwa kule Uingereza, na huko likapata majibu. Tena wako kati yetu wenye ndugu na watoto wanaofanya kazi huko, katika mahospitali na nyumba za kutunzia wazee. Basi habari hii inatuhusu mara mbili.

Kwanza tufahamiane juu ya namba zenyewe. Namba ya simu ya mezani ni kama tikiti ya gari la moshi: imeandikwa mahali unapokwenda. Ukiona 020 wajua ni Nairobi, 041 ni Mombasa, 057 ni Kisumu. Kule Uingereza namba za miji huanza na 01 au 02. Lakini makampuni na ofisi huchukua namba nyingine zisizotaja mji wo wote. Hilo peke yake si kosa, maana kampuni ikihama, namba yake haibadiliki. Shida iko kwenye nauli. Tikiti haina jina la stesheni, na kwa miaka mingi msafiri hakuweza kujua bei yake mpaka amekwisha kusafiri.

Namba hizo ni za namna nyingi. Zinazoanza na 080 ni bure kwa mpigaji. Zinazoanza na 03, zilizoletwa mwaka 2007, hulipiwa sawa na namba za miji. Lakini zile za 084, 087 na 09 zina malipo mawili: la kwanza ni la kampuni ya simu yako, la pili ni la namba yenyewe. Hilo la pili laweza kufika peni 7 kwa dakika kwa 084, peni 13 kwa 087, na pauni 3 na peni 60 kwa 09. Na sehemu ya pesa hiyo yaweza kurudi kwa yule uliyempigia.

Lisikieni vizuri neno hilo, ndugu. Anayekungojesha aweza kupata fungu katika kungojea kwako. Ni kama stesheni masta angepewa senti kwa kila dakika gari linapochelewa. Je, gari hilo lingefika mapema?

Wala si makampuni tu. Mwaka 2013 wakaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza walizitazama simu za ofisi za serikali yenyewe, za kodi na za misaada zikiwamo. Walikadiria kwamba katika mwaka wa hesabu wa 2012-13 watu walilipa pauni milioni 56 kwa kupiga namba za bei ya juu za ofisi hizo. Hesabu hiyo ilipotoka hadharani, mambo yakaanza kubadilika. Ofisi nyingi zikahamia namba za 03. Tangu tarehe 13 Juni 2014 sheria ikakataza wafanya biashara wengi kumlipisha mteja aliyekwisha kununua zaidi ya bei ya kawaida ya simu anapopiga kuuliza juu ya kitu alichonunua. Na tangu tarehe 1 Julai 2015 namba za 080 zikawa bure hata kwa simu za mkononi, na yale malipo mawili yakatenganishwa ili mtu aone kila mmoja anachukua ngapi.

Lakini jambo linalotugusa zaidi ni hili. Serikali ile ina msaada uitwao Universal Credit, kwa watu wasio na kazi na wenye mishahara midogo. Namba yake ilianza na 0345, yaani ile namna ya 03 inayohesabiwa kuwa nafuu. Mtu mwenye mkataba wa simu wa kila mwezi mara nyingi alikuwa amekwisha kulipia dakika zake, hakuona tofauti. Lakini maskini anunuaye salio kidogo kidogo aliweza kulipishwa mpaka peni 55 kwa dakika. Fanyeni hesabu: kungojea nusu saa ni pauni 16 na peni 50. Mwaka 2017 mshahara wa chini wa sheria kwa mtu wa miaka 25 na zaidi ulikuwa pauni 7 na peni 50 kwa saa. Basi nusu saa ya simu ilikula mshahara wa zaidi ya saa mbili, na aliyekuwa akipiga ni mtu anayeomba msaada kwa kuwa hana kitu!

Watu walilalamika. Tarehe 11 Oktoba 2017 Jeremy Corbyn, kiongozi wa upinzani, akalitaja jambo hilo Bungeni mbele ya Waziri Mkuu, Theresa May, akataka simu hiyo iwe bure. Tarehe 18 Oktoba, baada ya juma moja tu, serikali ikatangaza kwamba itakuwa bure. Juma moja, ndugu! Njia ilikuwapo siku zote. Kilichotakiwa ni watu kusema pamoja, wakiwa na hesabu mkononi.

Na sisi je? Hatusemi kwamba mambo ya Kenya ni sawa sawa na ya huko. Hapa namba nyingi za makampuni hulipiwa kama simu ya kawaida ya mkononi, na namba za 0800 zimewekwa kuwa za bure. Lakini malipo huanza pale mashine inapojibu, si pale mtu anapojibu, na anayengojea ndiye anayelipa. Nasi wengi wetu ni watu wa kununua salio kidogo kidogo.

Kwa hiyo kamati inaleta mambo manne mbele yenu.

Kwanza, kabla ya kupiga, uliza kama ofisi hiyo ina namba ya 0800. Mwenye ndugu Uingereza amwambie atafute 080 au 03 kabla ya kugusa 084 na 087.

Pili, tawi liwe na daftari. Kila mwanachama aandike siku, namba aliyopiga, dakika alizongojea, shilingi zilizokwisha, na kama alijibiwa na mtu. Msiandike hasira, andikeni hesabu.

Tatu, baada ya miezi mitatu katibu azipeleke hesabu hizo kwa ofisi zinazoshika malipo yetu ya uzeeni na ya matibabu, akaombe moja kati ya mawili: watupe namba ya bure, au wachukue namba ya mwanachama wampigie wao.

Nne, tuanze nyumbani. Ofisi yetu wenyewe ya chama nayo hungojesha watu. Mwanachama akipiga, karani aandike namba yake, kisha ampigie kwa gharama ya chama. Tukidai kwa wengine jambo tusilolifanya sisi, tutachekwa, na itakuwa haki yetu kuchekwa.

Daftari limekwisha kununuliwa, liko mezani kwa katibu. Mstari wa kwanza ni wa mzee yule: shilingi 100, jibu hakuna. Mistari mingine inawangojea ninyi.

Umoja ni nguvu.