Maji ya Mto na Kazi za Vijijini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme juu ya nguvu za maji na kazi ndogo ndogo za vijijini. Sisi si mainjinia, tu makarani. Lakini wengi wetu tumezaliwa kando ya mito, na siku ya kustaafu tutarudi huko na kiinua mgongo mkononi. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Yatupasa kwanza kufahamu kwamba mtambo mdogo wa maji kwa kawaida hauna bwawa. Maji hutolewa mtoni kwa mfereji, huteremshwa kwa bomba, hupiga gurudumu, kisha hurudi mtoni. Lita 100 kila sekunde, zikiteremka mita 10, zina nguvu ya kilowati 9 na kitu. Tukipata 5 au 6 katika waya, na tushukuru. Nguvu hizo hazilali usiku wala mchana, wala hazina ghala. Basi kijiji kikitaka umeme kwa ajili ya taa tu, kitautumia saa nne au tano za jioni, na saa zilizosalia maji yapita bure. Lakini gharama ya mfereji na bomba haipungui kwa sababu hiyo. Siku beringi ikivunjika, sanduku la fedha ni tupu, na kijiji charudi gizani na deni lake.

Ndiyo sababu twapenda kutaja Tungu-Kabiri, karibu na Mlima Kenya, mtambo wa kilowati 18 uliojengwa mnamo mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000. Watu wapatao 200 walijiunga, wakanunua hisa, wakatoa siku ya Jumanne kila juma kwa kazi ya mikono. Walisaidiwa na Wizara ya Nishati na shirika la ITDG, ambalo tangu 2005 laitwa Practical Action. Kilowati 18 zikigawanywa kwa watu 200, kila mmoja apata wati 90, yaani taa chache na redio. Wao waliona afadhali nguvu zile ziende kwanza mahali pa kazi: kuchaji betri, kuchomelea vyuma, kutengeneza nywele. Shauri hilo twalisifu, ingawa tunajua kwamba mwenye hisa akikaa gizani huku fundi akiwaka taa, maneno hayakosi.

Na kazi zenyewe zataka hesabu. Mashine ya kusaga ya nguvu za farasi 10 yala kilowati 7 na nusu, na zaidi inapoanza kuzunguka. Mbili pamoja na mchomeleaji huyumbisha mtambo mdogo. Basi lazima ratiba: kusaga asubuhi, vyuma mchana, taa jioni. Tena tumewaona wazee wetu waliostaafu wakinunua mashine za kusaga watatu katika kijiji kimoja, mahindi yakiwa yale yale. Wa kwanza alifaulu. Wa pili alipata hasara. Wa tatu tusimseme, yupo ukumbini humu.

Kadhalika tukiri kosa letu la ofisini. Katika taarifa zetu twahesabu nyumba zilizopata taa, kisha jalada lafungwa. Hatuulizi ni mafundi wangapi wamepata mkopo wa kununua zana, wala hatumpeleki Bwana Ushirika siku moja na yule wa nishati. Hapa Tanzania tuna Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Waya waweza kufika. Lakini randa ya umeme hainunuliwi kwa waya.

Basi twaomba kila mwanachama aendaye likizo wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache kabisa, aupime mto wa kwao kwa debe na saa, au ukiwa mkubwa kwa kipande cha mti kinachoelea. Aandike pia ni mafundi gani wapo kijijini na wanatumia nini sasa. Karatasi zipelekwe kwa Katibu kabla ya mkutano ujao.