Kelele za Unyevu Katika Maikrofoni za Kondensa: Mazingira ya Kurekodi Matambarale

Maikrofoni ya kondensa hutegemea chaji ya umeme ambayo haipaswi kupata pa kutorokea. Ndani yake kuna diaframu ya plastiki iliyopakwa dhahabu, yenye unene wa mikromita chache, iliyowambwa mbele ya bamba la chuma kwa mwanya mwembamba mno. Viwili hivyo kwa pamoja huunda kapsuli, ambayo ni kapasita ya makumi machache ya pikofaradi. Sauti ikiisukuma diaframu, mwanya hubadilika na volti hubadilika nao, kisha transista iliyo jirani huipokea volti hiyo mahali ambapo ukinzani hufikia gigaohmu moja au zaidi. Katika sakiti ya namna hii, utando wa maji usioonekana kwa macho, ukikaa juu ya kihami, unatosha kuivujisha chaji. Uvujaji wenyewe huja kwa mikupuo, ndiyo maana mrekodi husikia mipasuko, mikwaruzo na wakati mwingine mchemko unaofanana na mafuta ya moto yaliyotupiwa kitunguu.

Maji safi peke yake hupitisha umeme kwa shida. Kinachoyapa nguvu ni vumbi, chumvi na mafuta ya vidole vilivyotangulia kukaa juu ya kihami. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea hesabu: huilaumu mvua ya Machi kwa kelele ambayo chanzo chake kiliingia kwenye kapsuli tangu Septemba. Maikrofoni iliyotunzwa ikiwa safi huweza kuvumilia hewa nzito ya masika, ilhali iliyojaa vumbi hulalamika hata wingu likitanda tu.

Eneo la Matambarale lina masharti yote mawili, vumbi na unyevu. Liko katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni kiangazi, na gari likipita kwenye barabara ya udongo huacha wingu la vumbi linalochukua muda kutua. Zao la biashara linalojulikana zaidi ni korosho, na mikorosho hupuliziwa salfa ya unga kati ya Juni na Septemba kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa haipitishi umeme, kwa hiyo haivujishi chaji ya kapsuli. Huharibu kwa njia nyingine: huifanya fedha na shaba kuwa nyeusi. Pini za plagi ya XLR zilizopakwa fedha, zikikaa karibu na ghala la salfa au kwenye gari lililoibeba, hufunikwa na utando mweusi unaotoa mikwaruzo inayofanana kabisa na kelele za unyevu. Fundi asiyejua hili ataikausha maikrofoni nzima huku tatizo liko kwenye pini tatu.

Unyevu nao hausubiri mvua. Sherehe za jando na unyago, ngoma na simulizi za usiku hufanyika zaidi baada ya mavuno, wakati anga ni jeupe na usiku hupoa. Chuma kilichoachwa chini ya anga wazi hupoteza joto kuelekea juu kwa haraka kuliko hewa inayokizunguka, na ndiyo sababu paa la gari huamka limelowa ilhali mvua haikunyesha. Mwili wa maikrofoni iliyosimamishwa uwanjani kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri hupatwa na jambo hilohilo. Turubai au ukingo wa paa la makuti juu ya stendi huondoa sehemu kubwa ya tatizo, tena bila gharama.

Hali nyingine inayoleta umande ni kiyoyozi cha gari. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 24 hivi. Maikrofoni iliyosafiri kwa saa kadhaa katika gari lililopozwa hadi nyuzi 20, ikifunguliwa kijijini mara moja, italowa mbele ya macho ya watu. Dawa ni kuiacha ndani ya mfuko uliofungwa vizuri mpaka ipate joto la mahali, nusu saa au zaidi kwa maikrofoni kubwa, ndipo ifunguliwe. Wanaorekodi wazee wakisimulia huwa na haraka, kwa sababu msimulizi ameshakaa na watoto wameshakusanyika. Ni heri muda huo utumike kwa salamu na maelezo ya kazi, vitu ambavyo adabu ingevidai hata hivyo.

Kelele ikishasikika, kazi ya kwanza ni kujua iko wapi kabla ya kukausha chochote. Maikrofoni ya dainamiki huchomekwa kwenye waya uleule na tundu lilelile la kinasa sauti. Kwa kuwa haitegemei chaji, unyevu wa kawaida hauifanyi ipasuke. Mipasuko ikiendelea, kosa liko kwenye waya, tundu au kinasa. Ikikoma, shaka huhamia kwenye kondensa yenyewe au kwenye umeme wake. Waya hujaribiwa kwa kuupindapinda karibu na viungio: kelele inayofuata mkono ni ya waya, ile ya unyevu huja bila mpangilio hata kila kitu kikiwa kimetulia. Umeme wa fantomu, ambao kwa kawaida ni volti 48, huweza kushuka betri zikichoka, na kondensa iliyopungukiwa umeme hutoa sauti hafifu yenye mkwaruzo. Mngurumo mzito unaokuja na kuondoka ni upepo. Mpigo wa haraka unaojirudia kwa mpangilio ni simu iliyo mfukoni mwa mtu.

Ikithibitika kwamba kapsuli imelowa, joto la upole ndilo tiba. Sponji ya kuzuia upepo hutolewa kwanza, kwa sababu pumzi ya msemaji aliye karibu hubaki humo na kuendelea kuilowesha kapsuli. Sponji ya akiba iliyo kavu wakati mwingine humaliza tatizo lote. Kisha maikrofoni hukaa kwenye mfuko wa ndani wa koti, au ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na punje za silika zinazonyonya unyevu. Kuiacha na umeme wa fantomu husaidia kidogo tu, kwani joto linalotokana nao ni sehemu ndogo ya wati moja. Jiko la mkaa halifai kabisa: moshi huacha masizi, na masizi ni kaboni inayopitisha umeme. Dashibodi ya gari juani hupata joto linaloweza kulegeza diaframu. Mchele, ambao watu wengi huuamini, hunyonya unyevu polepole na kuacha unga wake ndani ya wavu.

Silika yenye rangi huonyesha hali yake: punje za bluu hugeuka waridi zikishiba. Hurudishwa kwa kuokwa kwenye joto la nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa, katika oveni isiyotumika kupikia, kwa kuwa rangi ya bluu ina kobalti. Ndoo ndogo yenye kifuniko cha kukaza, silika chini na kitambaa safi katikati, ni ghala zuri kuliko begi la kitambaa la bei kubwa.

Uchaguzi wa kifaa huamua mengi. Kondensa za masafa ya redio, kama familia ya MKH ya Sennheiser, hutumia kapsuli katika sakiti ya ukinzani mdogo na hustahimili unyevu vizuri zaidi. Bei yake ni kubwa. Maikrofoni ya elektreti ya kisasa, iliyobuniwa na Gerhard Sessler na James West huko Bell Labs mwaka 1962, hubeba chaji yake yenyewe, lakini transista yake bado ina ukinzani mkubwa, kwa hiyo maiki ndogo za kubana kwenye kola nazo hupasuka. Kwa ngoma ya usiku kucha, dainamiki ya akiba ndiyo bima ya kweli. Kwa utafiti wa matamshi ya Kimwera, lugha ya eneo hili, sauti yake isiyochukua vyema masafa ya juu ni hasara inayopaswa kupimwa.

Katika utafiti huo mpasuko wa unyevu una madhara ya pekee, kwa sababu huweza kufanana na mwachio wa konsonanti kama p au t. Programu ya kufuta mipasuko haijui kutofautisha, na ikipitishwa ovyo huondoa sehemu ya neno lenyewe. Faili la asili huhifadhiwa kama lilivyo, nakala ndiyo husafishwa, na dakika zilizoathirika huandikwa pamoja na hali ya hewa ya siku ile. Kapsuli inayopasuka hata baada ya kukauka vizuri ina uchafu ndani. Hiyo ni ya kupelekwa kwa fundi mwenye vifaa, maana diaframu haiguswi kwa pamba wala haipulizwi kwa mdomo.