Mfungwa Asitozwe Kodi ya Seli



Liko wazo ambalo hatuwezi kulinyamazia: kwamba aliyehukumiwa alipe gharama za kufungwa kwake, yaani chakula, malazi na ulinzi. Wanaolitetea huuliza kwa nini mlipa kodi mwaminifu amlishe mhalifu. Swali hilo si la kupuuzwa. Mfugaji aliyeibiwa ng'ombe, kisha akatozwa kodi ya kumlisha mwizi, ana sababu ya kunung'unika. Lakini anachostahili yeye ni fidia. Fidia humwendea aliyedhulumiwa. Ada ya gereza huingia katika mfuko wa Serikali. Tusiyachanganye mambo hayo mawili.

Ndugu zetu, tutazame hapa kwetu. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilipopitishwa, iliweka faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, kwa anayewinda kwa ajili ya kitoweo. Mwenye fedha hulipa akarejea kwake. Asiye nazo huvaa sare ya gereza. Je, mtu aliyefungwa kwa sababu hakuwa na shilingi 30,000 atazitoa wapi fedha za kulipia kufungwa huko? Atakayelipa ni mkewe, kwa mbuzi wa mwisho na karo ya watoto. Wao hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Wahenga walisema maskini haokoti. Akiokota huambiwa ameiba. Leo ataambiwa pia alipie mlango aliofungiwa.

Wenzetu wa Marekani wamekwisha kulijaribu jambo hili. Katika jimbo la Connecticut mfungwa alihesabiwa deni la dola 249 kwa kila siku, deni lililomfuata hata baada ya kutoka. Mwaka 2022 sheria hiyo ilipunguzwa makali. Illinois ilikwisha kuifuta ya kwake mwaka 2019. Na mwaka 2015 Wizara ya Haki ya nchi hiyo ilieleza jinsi mji wa Ferguson ulivyowahimiza polisi na mahakama kutafuta mapato kwa faini na ada. Serikali ikishaonja fedha za wakosaji, huanza kuwahitaji wakosaji.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa harakati zetu. Kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi lipo gereza la Manyani. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, wakoloni waliwazuia humo maelfu ya watu bila kuwafikisha mahakamani, kwa kuwa hawakuwajibika kwa mwananchi yeyote. Tulipodai kufutwa kwa Kifungu cha 2A, kilichoondolewa Desemba 1991, hatukudai wingi wa vyama peke yake. Tulidai Serikali itoayo hesabu. Gereza ni mzigo kwa hazina ya umma, na ni vema libaki mzigo, ili Bunge lilazimike kuuliza kila mwaka: ni nani wamo humo, na kwa nini? Gereza linalojilipia halina wa kulihoji.

Ikiwa kweli tunataka kupunguza gharama, njia ipo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 yaruhusu mahakama kumpa mkosaji kazi ya umma bila malipo badala ya kifungo, pale ambapo kifungo hakizidi miaka mitatu. Mtu huyo atachimba mtaro wa shule au kupanda miti katika vilima vya Taita, na jioni atakula kwake, kwa jasho lake.

Kwa hiyo twawasihi mambo matatu. Waulizeni wabunge wenu msimamo wao kuhusu ada hizi. Hudhurieni mahakama za Voi, Wundanyi na Taveta, mwone ni nani wanaofungwa kwa kukosa faini. Na ninyi waumini, Injili imetuagiza kumtembelea mfungwa. Haikutuagiza kumpelekea hati ya madai.