Marudio ni ya Nani?

Ukipita kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huko Geita au Chunya utakuta marundo ya mchanga wa kijivu uliokwisha kusagwa, ukaoshwa, ukakamuliwa kwa zebaki na kuachwa. Wachimbaji wanauita marudio. Mgeni ataona uchafu. Mwenye karasha haoni hivyo hata kidogo, na ndiyo maana mara nyingi bei yake ya kusaga si kubwa: anachokitaka ni marudio yabaki kwake.

Hajakosea hesabu. Zebaki hunasa punje za dhahabu inazogusana nazo tu. Iliyo laini kama vumbi, au iliyofungiwa ndani ya jiwe, inapita zake. Mara nyingi zebaki haipati hata nusu ya dhahabu iliyomo.

Iliyobaki inafuatwa kwa sayanaidi. John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest waliisajili njia hii huko Glasgow mwaka 1887, na miaka michache baadaye ikainusuru migodi ya Johannesburg. Mji huo umeendelea kula masalia yake: vilima vya mchanga wa migodini vimefumuliwa na kuchenjuliwa upya, kikiwemo Top Star, ambacho juu yake watu walikuwa wakitazama sinema wakiwa ndani ya magari.

Kwetu kazi hufanyika kwenye matangi ya saruji. Marudio yanajazwa, yanatiwa chokaa, kisha maji yenye sayanaidi yanapitishwa polepole kwa siku kadhaa. Chokaa hiyo isidharauliwe: ikipungua, sayanaidi inageuka gesi, na gesi hiyo inaua. Dhahabu inayeyukia majini, maji yanashuka kwenye mapipa ya kaboni, nayo kaboni inaishika. Kaboni nyingi inayotumika kwa dhahabu, kwa taarifa ya ndugu zetu wa Pwani, hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Ikishiba, huoshwa kwa kemikali za moto, na umeme huivuta dhahabu hadi kwenye nyuzi za chuma.

Mimi siipingi sayanaidi. Ni sumu kali, na tunajua ikiponyoka inafanya nini: Januari 2000 huko Baia Mare, Romania, bwawa la kiwanda kilichokuwa kikichenjua upya mabaki ya migodi lilipasuka, mita za ujazo zipatazo 100,000 za maji machafu zikaingia mitoni hadi Hungaria, na samaki wakafa kwa wingi. Lakini sayanaidi huvunjikavunjika juani. Zebaki haivunjiki. Na marudio yetu yanaingia tangini yakiwa bado na zebaki, ambayo sayanaidi inaiyeyusha pamoja na dhahabu na kuirahisishia safari ya kwenda mtoni. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unautaja mtindo huu waziwazi miongoni mwa mambo ya kukomeshwa.

Dawa yake kikemia ni rahisi: mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ikishasagwa iende moja kwa moja tangini, zebaki isiguse kabisa. Mbona haiendi? Kwa sababu zebaki inalipa leo jioni, na tangi linalipa baada ya wiki. Mchimbaji aliyeshinda shimoni ana watoto wanaosubiri unga. Anachukua kipande kidogo alichokamua, na sehemu nono anamwachia mwenye karasha.

Tukimhubiria madhara ya zebaki bila kugusa mgawo huo, tunampotezea muda. Kinachotakiwa ni sampuli kuchukuliwa mbele ya macho yake kabla mzigo haujaingia tangini, ipimwe maabara, kiwango kiandikwe, na alipwe sehemu ya fedha papo hapo, nyingine dhahabu ikishatoka. Wenye matangi watasema hawana mtaji wa kutanguliza. Nawasikia, ila miongoni mwao wamo wanaowakopesha wachimbaji chakula, dizeli na baruti mwezi mzima kabla hata jiwe moja halijatoka ardhini, wakiwa hawajui kama lina dhahabu. Mchanga uliopimwa ni dhamana bora kuliko shimo, na mamlaka inayotoa leseni za kuchenjua marudio inaweza kuanza kwa kuufanya upimaji huo na malipo hayo ya papo hapo kuwa sharti la leseni.