Tuwe Barnaba kwa Wageni wa Vyuoni



Wapendwa wasikilizaji, kila mwaka, ifikapo Oktoba na Novemba, vijana wetu kutoka Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni hufunga safari kwenda vyuo vikuu. Wengine huenda Dodoma, penye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007. Wengine hufika Mwanza au Dar es Salaam. Wazazi wameuza alizeti, pengine hata ng'ombe, ili kupata nauli. Naye kijana ashukapo kituoni na begi lake, hamjui mtu.

Matendo ya Mitume, sura ya tisa, yatusimulia juu ya mgeni wa namna hiyo. Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi wote walimwogopa. Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka kwa Mitume na kumsemea. Baadaye alimfuata hadi Tarso, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Tuone basi: Barnaba hakumwelekeza Sauli njia tu, bali alikwenda naye.

Ninyi mlio mwaka wa pili na wa tatu, huo ndio wajibu wenu. Mgeni hahitaji hotuba. Anahitaji mtu wa kusimama naye kwenye foleni ya usajili, wa kumwonyesha maktaba na mahali pa chakula cha bei nafuu, wa kula naye sahani moja wakati fedha za mkopo hazijatoka, na wa kumpitia Jumapili waende Misa pamoja. Akiachwa peke yake majuma ya kwanza, watampokea wengine, na si wote wapokeao kwa nia njema.

Wala msaada huo usigeuzwe deni. Ole wake kijana ampokeaye binti leo ili amdai kesho!

Tusidhani jambo hili ni dogo. Mwezi Februari 1990, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, binti mmoja mwanafunzi alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wenzake waliojificha nyuma ya jina la «Mzee Punch». Tukimwombea, tujiulize: mwanafunzi mkubwa aonapo mdogo akidhihakiwa, atacheka pamoja na wachekao, au atamsemea kama Barnaba?

Nasi tuliobaki nyumbani tunayo kazi. Katekista anafahamu nani wa kigango chake yuko chuoni tayari, na nani anakwenda mwaka huu. Awakutanishe kabla ya safari, wazazi wakiwapo. Jina la ndugu mmoja anayemngojea kituoni litamfaa kijana kuliko mawaidha yetu mengi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Laiti Barnaba asingalimpokea yule aliyeogopwa, Kanisa lingalimkosa Paulo. Hatujui ni nani anayeshuka basi mwaka huu. Bwana atujalie moyo wa kwenda kumlaki.

Amina.