Mvua iliyoacha sumu ya Chernobyl katika vilima vya Wales

Msikilizaji, ajali ya kiwanda hutokea mahali pamoja, lakini upepo na mvua ndivyo vinavyoamua ni nani atakayebeba mzigo wake kwa miaka mingi. Wafugaji wa kondoo wa Uingereza wanalijua hilo vyema.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili mwaka 1986, kinu nambari nne cha kituo cha nuklia cha Chernobyl kiliripuka nchini Ukraine, wakati huo ikiwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Moto uliwaka kwa muda wa siku kumi hivi, na katika siku hizo upepo haukuvuma upande mmoja. Kwanza ulielekea kaskazini magharibi. Tarehe 28 Aprili, mionzi iligunduliwa katika viatu vya mfanyakazi wa kituo cha Forsmark, nchini Sweden. Baadaye upepo ukageuka, na mapema mwezi wa Mei wingu hilo likafika Uingereza, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Chernobyl.

Kulikokuwa kukavu, wingu lilipita na kuacha uchafu kidogo tu. Lakini katika vilima vya kaskazini mwa Wales, Cumbria na sehemu za Scotland mvua kubwa ilinyesha, nayo ikaiosha hewa na kuteremsha ardhini chembechembe za siziamu 137.

Mwezi wa Juni serikali ilizuia uuzaji wa kondoo wa maeneo hayo, ikitaraji kwamba zuio lingedumu wiki chache tu. Matarajio hayo hayakutimia. Udongo wa mfinyanzi huikamata siziamu na kuifungia, lakini udongo wa vilima hivyo ni wa mboji, usioweza kuizuia. Basi majani yaliinyonya, kondoo wakayala, kinyesi chao kikairudisha ardhini, na mzunguko ukaanza upya. Isitoshe, nguvu ya siziamu 137 hupungua kwa nusu tu katika kila miaka 30.

Kondoo aliyepimwa na kukutwa na zaidi ya bekereli 1,000 kwa kilo alipakwa rangi, na hakuruhusiwa kuchinjwa. Akihamishiwa malisho safi ya bondeni, mwili wake ulijisafisha baada ya muda. Vizuizi vya mwisho, vilivyogusa zaidi ya mashamba 300 ya Wales na Cumbria, viliondolewa mwaka 2012, miaka 26 baada ya mvua ile.

Huko Chernobyl kwenyewe, hali ya hewa haijamaliza kazi yake. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, ukame na upepo mkali vilichochea moto katika misitu iliyo jirani na kituo hicho, na moshi ukainua tena angani sehemu ya siziamu iliyokuwa imelala ardhini.

Kwa hiyo, umbali peke yake si kinga. Anayetaka kujua sumu imebaki wapi hana budi kuuliza pia mvua ilinyesha wapi, na iliangukia udongo gani.